Mume Aliyezaliwa Ng'ambo ya Limpopo

Wenzangu wa chumba cha cherehani, tangu nirudi mnaniuliza mmoja mmoja ilikuwaje, na kila mmoja nimempa kipande tu, kwa sababu mteja ameingia kupimwa suruali. Nimeona niandike yote mara moja, halafu mpitishiane karatasi hizi. Shule yangu iliishia darasa la sita kule Bukavu, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Mambo ya vibali na mihuri nimeyaruka. Yalichukua wiki mbili na hayana la kusimulia. Na maneno yaliyosemwa kwa Kiingereza au kwa Kizulu nimeyaandika kwa Kiswahili, ili nisiumbuke.

Johannesburg, kabla ya kuondoka

Berna mnamjua, nusu yenu aliwasuka nywele. Kwa atakayesoma bila kumjua: Bernadette alikuwa msusi, mtoto wa Lubumbashi, na alikuwa mke wangu. Tulikaa pamoja hapa Rosettenville miaka kumi na moja, sita ya mwisho tukiwa na cheti cha serikali. Figo zilimmaliza polepole. Wiki ya mwisho hospitalini aliniomba mambo mawili: azikwe kwao kando ya baba yake, na mimi nikae mahali pa mfiwa. Kwao, aliyefiwa na mwenzi wa ndoa hukaa mkekani upande wa kichwa cha jeneza, amenyoosha miguu, na hainuki mpaka maiti itoke.

"Wasikuweke jikoni na wageni," alisema. "Ukae pale."

Nikamwahidi, bila kujua nitafanyaje.

Kaka yake mkubwa, Kasongo, ana spaza, duka dogo la mtaani, huko Diepsloot. Siku tulipoandikisha ndoa alisema cheti chetu kinafaa kufungia maandazi, na hakukanyaga kwetu tena. Siku ya pili ya msiba alifika nyumba ya mazishi amevaa suti, pamoja na wazee wawili wa kanisa lake, kumchukua dada yake. Binti wa mapokezi, mwenye kucha ndefu za bluu, akatazama kompyuta.

"Mwenzi wa ndoa ni nani hapa?"

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Sharp. Wewe ndiye unayesaini. Baba, wewe keti kwenye benchi."

"Mimi ni ndugu yake wa damu!" Kasongo akapaza sauti. "Tumbo moja!"

"Eish, baba, nakuelewa. Lakini tumbo halisaini."

Basi yule aliyesema cheti changu ni cha kufungia maandazi akakaa benchini robo saa nzima, akitafuta namna ya kuniomba ruhusa ya kumzika dada yake. Wazee wa kanisa walikuwa wakisoma bei za majeneza ukutani. Mwishowe akanisogelea.

"Mama anataka alale pembeni ya baba."

"Hata Berna alitaka hivyo."

"Basi utasaini. Na kama unataka kuja, utakuja kama rafiki."

"Sitasema uongo, shemeji."

"Usiniite shemeji."

"Basi sitasema kitu nisipoulizwa. Nikiulizwa nitajibu."

Akafikiri. Nadhani alipiga hesabu ya watu wanaoweza kuniuliza swali la namna hiyo kuanzia hapa hadi Lubumbashi, akapata sifuri. Tukapeana mikono.

Mpaka Limpopo

Tulisafiri watu watatu kwenye gari dogo la abiria, na nyuma tukivuta tela jeupe lililombeba Berna. Dereva alikuwa Mzimbabwe wa makamo, Baba Moyo, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwarudisha wafu makwao. Yeye huendesha taratibu, husikiliza mahubiri redioni, na hula kila anaposimama. Kabla hatujatoka jijini alishanunua magwinya, yale maandazi yasiyo na sukari, mfuko mzima, yakiwa bado yanachuruzika mafuta. Kasongo alikataa akisema amefunga. Tulipopita Pretoria alikuwa amekula manne.

Baba Moyo ana desturi yake. Kila tunapovuka mto mkubwa, mtu wa karibu zaidi na marehemu lazima amwambie, kwa sauti, la sivyo roho inabaki ng'ambo ikitangatanga.

"Nani wa karibu zaidi?" akauliza tulipokaribia daraja.

"Hayo ni mambo ya kipagani," akasema Kasongo, na akageukia dirisha.

Nikashuka, nikaweka kiganja kwenye mlango wa tela. Jua la Limpopo lilikuwa limelichoma bati mpaka halishikiki.

"Berna," nikasema, "tunavuka. Mpaka hapa mimi ni mke wako. Mbele sijui. Wakiniambia nitakuambia."

Baba Moyo alikuwa amevua kofia.

Ng'ambo ya pili

Upande wa kaskazini tulisimama tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Maiti ina karatasi nyingi kuliko mtu mzima. Afisa kijana alizipanga mezani kama mtu anayecheza karata, akafika kwenye cheti chetu cha ndoa, kwa sababu ndicho kilichoonyesha kwa nini sahihi ya kumtoa marehemu ilikuwa yangu. Akakisoma. Akakigeuza nyuma. Nyuma hamna kitu.

"Hapa kuna wanawake wawili," akasema.

"Ndiyo," nikasema.

"Mume ni yupi?"

"Hakuna mume."

Niliuona uso wa Kasongo ukipauka. Pale Zimbabwe, katiba yenyewe inakataza ndoa kama yetu, na mimi nilikuwa nimeulizwa nikajibu, kama tulivyokubaliana. Kijana akamwita mkubwa wake, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Mama akasoma cheti kwa kidole, neno baada ya neno, akashusha pumzi.

"Wewe bado mtoto," akamwambia kijana. "Huko Afrika Kusini mtu akioa wake wawili, serikali inawaandikia. Hawa ni wake wa mtu mmoja. Huyu ni mkubwa, marehemu ni mdogo. Sivyo, binti yangu?"

"Hapana, mama. Tulioana sisi wawili. Hakuna mume."

"Najua," akasema kwa huruma nyingi, akanishika mkono. "Hata wangu hayupo."

Akamgeukia Kasongo. "Huyo bwana yuko wapi, anamwacha mke mwenza asindikize maiti nchi za watu?"

Na Kasongo, mzee wa kanisa, ambaye kwa miaka sita alikataa kutamka kwamba dada yake ameolewa, akafungua kinywa akamwoza.

"Yuko mgodini, mama. Ameumia mguu."

"Mguu!" akasema mama yule. "Siku zote ni mguu."

Akagonga mihuri yote mwenyewe, kwa hasira, kama anampiga yule mwanaume. Tulitoka hapo haraka kuliko malori yaliyokuja jana yake. Kwenye gari nilimwambia Kasongo amesema uongo.

"Mi sikuanza," akasema kwa Kiswahili cha kwao. "Njo ule mama alianza. Mi nilimupatia tu mguu."

Barabara ya Masvingo

Tela lilianza kulia kabla hatujafika Masvingo, sauti kama mbuzi aliyefungwa. Ilikuwa beringi. Baba Moyo alipanda pikipiki ya mtu kwenda kuitafuta nyingine, akatuacha mimi na Kasongo na Berna kando ya barabara, mbele ya kibanda cha mwanamke anayepika sadza. Ni ugali wetu, ila wao huupika mwepesi kidogo. Alitupa na mboga ya majani iliyoungwa karanga. Alipoona tela alisimamisha shughuli zote, akapiga magoti, akapiga makofi ya taratibu kumsalimia marehemu, halafu akarudi kwenye chungu chake. Hakuuliza nani ni nani wa nani. Nilitamani yeye ndiye awe serikali.

Baba Moyo alirudi baada ya saa tano na beringi mbili, moja ikiwa si saizi yake. Akiwa chini ya tela, miguu tu ndiyo inaonekana, akaniita kwa jina, akaanza kuongea.

"Mama Nabintu, mimi nilielewa tangu Johannesburg. Nilishawahi kumpeleka kijana mmoja Bulawayo, mwenzake akakaa kiti hicho hicho chako. Mpakani akawa mpangaji mwenzake. Alilia njia nzima, na mimi nikawaambia watu huyo mpangaji ana moyo mwepesi."

Kasongo akakohoa. Miguu ikaendelea.

"Dereva wa maiti anajua sheria za ndoa kuliko wakili. Kila mpaka wanauliza nani ni nani wa marehemu. Ndoa yenu Afrika nzima ni halali nchi moja tu, ile tuliyotoka. Botswana wamefuta jela, ndoa hawajafika. Namibia mahakama ilisema zitambuliwe zilizofungwa nje, wabunge wakakimbia kutunga sheria ya kukataa. Zambia, tunakokwenda, ni jela."

"Umeona?" Kasongo akaniambia. "Dunia nzima ina akili."

"Dunia nzima hapana," ikasema miguu. "Brazil wanaoana."

"Brazil?"

"Brazil. Argentina. Hispania. Thailand nao juzijuzi."

Alitaja kama mtu anayesoma matokeo ya mpira, na Kasongo, ambaye ni shabiki mkubwa wa Brazil, alikuwa akipokea kila goli kwa uchungu.

"Nigeria?" akauliza kwa matumaini.

"Jela."

"Haya!"

"Lakini walioanza ni Waholanzi. Na wa pili duniani ni Wabelgiji."

Kasongo aliacha kutafuna. "Wabelgiji gani?"

"Wale wenu."

"Haiwezekani. Mapadri wa Kibelgiji walimfukuza babu yangu kanisani kwa sababu ya wake wawili. Wakamwambia ndoa ni mume mmoja, mke mmoja, mpaka mwisho wa dunia. Akamrudisha mke mdogo kwao, analia!"

"Ndio hao hao. Sasa huko kwao wanaume wawili wanakwenda kwa meya, meya anawapa mkono."

Sadza ya Kasongo ikapoa, ikashika ngozi. Hatimaye akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa mara ya pili, "Basi babu alimufukuza yule mama bure." Mpaka tunafika Harare alikuwa bado anamwomboleza yule bibi mdogo, ambaye hakuwahi kumwona.

Zambezi

Njiani kabla ya Zambezi Kasongo alipiga simu nyumbani. Alikuwa kiti cha mbele, mimi nyuma, na nilisikia kila kitu.

"Ndiyo, mama. Tunakuya. Hapana, ule mwanamuke ni mwenzake wa ndoa... Ndiyo, bote wawili kwa bwana mumoja... Jina? Jina yake ni Dieudonné... Hapana, hawezi kukuya, mguu."

Alipokata simu nilimtazama kwenye kioo. Yeye akatazama twiga aliyekuwa mbali porini, na kulikuwa hamna twiga.

"Mama aliuliza jina," akasema. "Ningesema nini?"

"Umwambie ukweli."

"Ukweli unasemwa kwa simu?"

Hapo hakukosea.

Mimi sikuwa nimeulizwa. Hiyo ndiyo ilikuwa ahadi yetu, na nilianza kuona ahadi yenyewe ilivyokuwa ya ovyo: mtu anaweza kuvuka nchi tatu bila kusema uongo hata mmoja, huku uongo umemkalia mapajani kama mtoto wa jirani. Kwenye daraja nilishuka tena.

"Berna, tunavuka Zambezi. Hapa nimekuwa mke mwenza wako. Mimi ni mkubwa, wewe ni mdogo. Bwana wetu anaitwa Dieudonné, na ana mguu mbovu. Unisamehe, mimi sikuulizwa."

Nikajikuta ninacheka peke yangu, nimeegemea tela, mara ya kwanza tangu msiba. Baba Moyo alizima mahubiri yake kwa heshima. Alidhani ninalia.

Zambia tulipita vizuri. Maafisa walimuuliza Kasongo, Kasongo akajibu kabla hawajamaliza swali, wakaandika mke mwenza bila kuinua macho. Nchi ambayo kwa kile kilichoandikwa kwenye cheti changu ingeweza kunifunga, ilinipa pole kwa kushirikiana mume.

Lusaka tulilala kwenye nyumba ya wageni ya kanisa. Ndola tulikula chikanda, ile mizizi ya porini wanayoipika na karanga ikakatwa kama mkate. Berna alikuwa akiniahidi chikanda miaka yote, akisema ya Johannesburg si yenyewe. Nilimaliza kipande changu na cha Kasongo. Alikuwa amesema kweli.

Lubumbashi

Foleni ya malori kabla ya mpaka wa Kongo ni ndefu kama mji, na watu wameoa humo na kuzaa. Madereva walipoona tela walisogeza malori, wakavua kofia. Jioni ya siku ya tano tulifika.

Turubai lilikuwa limeshatandazwa uani, viti vya plastiki vimejaa, wanawake wakapiga yowe moja. Nilishuka nikiwa na nguo iliyokunjamana na mguu wa ganzi, na kabla sijamsalimia mtu nikakumbatiwa na mama mrefu mwenye sauti ya kuuzia sokoni. Huyo alikuwa Shangazi Odile, dada wa marehemu baba yao.

"Njo huyu!" akawaita wenzake. "Njo huyu mwanamuke mwenye alimuleta! Mulishaona wapi mke mwenza anabeba mwenzake inchi ine? Benyewe banawekeana sumu! Huyu amemuleta mupaka kwao!"

"Na ule Dieudonné?" akauliza mwanamke mwingine.

"Ule mbwa? Anakamata mguu yake!"

Vicheko na vilio vikachanganyika. Ndani ya saa moja nilijua Dieudonné ni mlevi, ana wanawake wengine Kimberley, na hata zamani, alipokuja kujitambulisha, hakuvua kofia. Kuna mzee aliyekumbuka vizuri ile kofia.

Jeneza likawekwa sebuleni. Mkeka ukatandikwa upande wa kichwa, na ukabaki mtupu. Watu wakautazama. Njia yote, beringi zote na mihuri yote, vilikuwa kwa ajili ya ule mkeka. Nilifungua kinywa. Shangazi Odile akaniwahi.

"Mahali pa bwana hapawezi kubaki bule. Bwana hakukuya. Basi huyu akae pa bwana."

Na wakanikalisha. Nikanyoosha miguu. Nilikaa pale usiku na mchana mpaka alipotoka, kama nilivyomwahidi. Ninyi mnajua sipendi uongo, kwa hiyo nawaambia na hili: nilikaa kwa raha. Uongo wa Kasongo uliniweka mahali ambapo ukweli wangu ungefukuzwa mlangoni, na mimi nikakubali kukaa.

Tulimzika kando ya baba yake. Udongo wa kwao ni mwekundu.

Ushanga

Baada ya mazishi nilidhani kazi yangu imekwisha. Lakini mama mzazi, Mama Kasongo, alikuwa hajanisemesha tangu tufike. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mikono mikubwa. Alikaa anaangalia chini, na kila mtu alipomtukana Dieudonné, yeye alizidi kujikunja. Siku ya tatu nilimsikia akimwambia jirani, polepole:

"Mutoto yangu aliolewa mubaya. Miaka yote alisema kwa simu iko muzuri. Alikuwa ananificha."

Mnielewe hapo. Kutukanwa kwa Dieudonné hakukunihusu, hayupo. Lakini Berna hakuolewa vibaya. Nilimpikia uji wa mtama kila asubuhi ya dialisisi, ya kusafishwa damu. Nilijifunza kusuka ili nimsuke mwenyewe wakati mikono yake ilipovimba. Na sasa mama yake anakwenda kuishi miaka yake iliyobaki akiamini binti yake alikufa bila kupendwa, kwa sababu mimi nilikuwa nasubiri kuulizwa.

Siku hiyo hiyo familia ilikaa kumalizia desturi. Kwao aliyefiwa na mwenzi hufungwa mkononi uzi wa ushanga mweupe na watu wa marehemu, ndipo anakuwa huru: kifo kimemwachia, na wao wamekubali kwamba alikuwa wa ndoa kweli. Ushanga ulikuwa kwenye kisahani chenye unga. Wa kufungwa hakuwepo.

"Apigiwe simu," akasema Shangazi Odile. "Mi nitamwambia mwenyewe. Kasongo, leta numero."

"Reseau ya simu haiko muzuri, shangazi."

"Mi niko na reseau. Sema numero."

Kasongo alitaja tarakimu saba, akasahau ngapi zimebaki. Na hapo Mama Kasongo akainua uso, akanitazama mimi.

"Weye ulikaa naye nyumba moja. Uniambie. Ule bwana, alimupenda mutoto yangu hata kidogo?"

Nilikuwa nimeulizwa.

"Mama," nikasema, "Dieudonné hayupo. Hajawahi kuwapo. Hakuna mume. Berna alioana na mimi, sisi wawili, mbele ya serikali ya kule, na cheti ninacho. Na alipendwa, mama. Alipendwa kila siku."

Kikombe cha Kasongo kilianguka, kikavingirika mpaka mlangoni. Hakuna aliyekiokota.

"Mumesikia?" akasema Shangazi Odile. "Hata yeye amemukana! Anasema hana bwana tena. Na ana haki, mwanaume kama ule ni wa kufutwa kabisa." Wanawake wakaitikia. Wengine walinipigia makofi.

Mama Kasongo hakupiga. Alikuwa bado ananitazama.

"Siku ya kufa, nani alikuwa pembeni yake?"

"Mimi."

"Nani alimuosha?"

"Mimi, mama."

Nje mtu alikuwa akitwanga sombe, kisamvu chetu. Mama Kasongo akachukua ushanga kutoka kwenye kisahani, akaukung'uta unga.

"Huyo mwenye alimuoa," akauliza, "mukono yake iko namna gani? Nisifunge mufupi."

"Iko kama wangu, mama."

"Leta tupime."

Nikamnyooshea mkono. Akauzungusha, akaukaza, akapiga fundo. Akapiga fundo la pili. Vidole vyake vilinuka moshi na sabuni, na vilikuwa vidole vya Berna, kasoro miaka.

"Inatosha," akasema Shangazi Odile. "Sasa fungua, tuweke mu karatasi, amupelekee."

"Macho yangu haioni tena fundo," akasema Mama Kasongo. "Iende vile. Njiani bintu binapotea."

Akaniachia mkono, akainuka kwenda kuangalia bukari, ugali wao, jikoni.

Kurudi

Kasongo alibaki kwao mpaka arobaini. Alinisindikiza hadi kwenye gari, akazunguka tela tupu mara mbili kama anayelikagua.

"Mama hakuelewa, sivyo?" akauliza.

"Sijui, shemeji."

Akanipa chikanda ya njiani.

Nilirudi na Baba Moyo peke yetu, na tela jepesi lililokuwa likirukaruka kwenye mashimo. Upande wa Zambia, afisa wa kwanza aliona ushanga mkononi mwangu kabla ya pasipoti. Wale wanaujua, desturi ni moja. Akasimama.

"Mjane?"

"Ndiyo."

"Pole, mama. Usisimame kwenye mstari. Pita hapa."

Ikawa hivyo mpakani na mpakani. Wengine walinipa kiti, mmoja alinipa maji. Nikiwa mke wa Berna hawakunipitisha popote. Nikiwa mjane walinipitisha kote. Hakuna aliyeuliza mjane wa nani. Angeuliza ningemjibu.

Zimbabwe nilimkuta yule mama wa miwani.

"Alikuja mazishini?" akaniuliza.

"Nani, mama?"

"Mume."

"Mama, nilikuambia hakuna mume."

"Vizuri sana, binti yangu," akasema, akinigongea muhuri. "Endelea hivyo hivyo. Usimtaje tena."

Kwa hiyo tulipovuka Limpopo kurudi huku, nilikuwa nimeshazoea. Nilipita mstari mzima, wanawake na mabegi yao, watoto, watu waliolala juu ya magunia, nikaenda moja kwa moja dirishani, mkono wenye ushanga mbele. Afisa alikuwa kijana, ana usingizi machoni.

"Nimefiwa," nikamwambia.

"Na nani, dada?"

Mpaka wa mwisho, na ndiye wa kwanza kuuliza.

"Na mke wangu."

Nikampa cheti. Alisoma jina langu na jina la Berna, hakukigeuza nyuma, hakumwita mkubwa wake. Akanirudishia kwa mikono miwili.

"Pole sana kwa kufiwa na mke wako, dada," akasema, na alimaanisha. "Mstari unaanzia kule, nyuma ya lori la vitunguu."

Nikaenda nyuma ya lori la vitunguu, nikasimama juani saa nne nzima, kama mjane mwingine yeyote wa nchi hii.